Mechi Bila Hiti na Mechi Kamilifu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mashabiki wa Besiboli

Kila mara mrushaji fulani wa Marekani anapokaribia kumaliza mechi bila kuguswa, maswali haya hurudi. Mengine yanajibiwa na kanuni. Mengine nimeyajibu kwa msimamo wangu, na msomaji ataona mwenyewe ni yapi.

Mechi bila hiti ni nini hasa?

Mechi ya besiboli ina awamu 9, na katika kila awamu timu inaendelea kupiga mpaka wachezaji wake 3 watolewe. Kwa hiyo mrushaji ana kazi ya kuwatoa wapigaji 27. Mpigaji akiupiga mpira na kufika salama besi ya kwanza (kituo cha kwanza kati ya 4 anavyovizunguka ili kupata pointi) kwa nguvu ya pigo lake, bila mlinzi kukosea, hiyo ni hiti. Timu ikimaliza mechi nzima bila kupata hata moja, mrushaji ameandika mechi bila hiti.

Si lazima iwe nzuri kuitazama. Mpigaji anaweza bado kufika besi kwa kupewa besi ya bure baada ya mirusho 4 mibovu, kwa kugongwa na mpira, au kwa mlinzi kuuangusha. Juni 2010 Edwin Jackson wa Arizona alitoa besi 8 za bure dhidi ya Tampa Bay na kurusha mara 149. Ilihesabiwa kama nyingine zote.

Na mechi kamilifu?

Hiyo haisamehi chochote. Wanakuja wapigaji 27, wanarudi benchi wote 27, na hakuna aliyekanyaga besi hata kwa bahati.

Ni nadra kiasi gani?

Ligi kuu ya Marekani huchezwa mechi 2,430 kwa msimu wa kawaida. Tangu 1876 mechi bila hiti zimepita 320, hesabu ambayo wastani wake hauzidi chache kwa mwaka. Hadi mwisho wa msimu wa 2024, mechi kamilifu zilikuwa 24 tu, mbili kati ya hizo za mwaka 1880, zilizopishana kwa siku 5. Baada ya Charlie Robertson mwaka 1922, ilipita miaka 34 kabla ya Don Larsen kuandika yake mwaka 1956, tena kwenye fainali za World Series. Halafu mwaka 2012 zikaja 3 msimu mmoja, na baada ya hapo ukimya wa karibu miaka 11.

Nolan Ryan, aliyeandika mechi bila hiti 7, ya mwisho akiwa na umri wa miaka 44, hakuwahi kupata kamilifu hata moja. Philip Humber aliipata Aprili 2012, na mwaka uliofuata ndio ulikuwa wake wa mwisho ligi kuu. Ndiyo sababu shabiki hawezi kununua tiketi akijua atakachokwenda kuona. Akimfuata nyota, nyota anaweza kupigwa awamu ya kwanza.

Watu wanashangilia nini wakati hakuna kinachotokea?

Swali zuri, na watu wa soka huliuliza zaidi. Awamu 3 za mwanzo hakuna anayejali. Warushaji wengi huanza vizuri. Kwenye awamu ya 5 mtu anatupia jicho ubao wa matokeo na kuona sifuri kwenye safu ya hiti. Anamgusa jirani, anaonyesha kwa kidevu, hasemi. Awamu ya 7 foleni ya soseji na bia imepungua kwa sababu hakuna anayetaka kuupa uwanja mgongo. Awamu ya 8 kila mpigaji akifikisha straiki 2 (ya 3 humtoa), watu wanasimama wenyewe bila kuambiwa. Awamu ya 9 hakuna aliyekaa.

Kwa hiyo wanachoshangilia ni kila mpigaji anayerudi benchi, mmoja mmoja, na hofu inapanda kadiri waliobaki wanavyopungua. Kimya kati ya mrusho na mrusho ndicho kinachokuambia uwanja mzima umeshaelewa.

Uwanja hulipuka zaidi wakati gani?

Wengi wangesema mpigaji wa 27. Mimi nasema ni pale mlinzi anapouokoa mpira ambao kila mtu alishaukatia tamaa. Julai 23, 2009 huko Chicago, Mark Buehrle wa White Sox aliingia awamu ya 9 akiwa kamili dhidi ya Tampa Bay. Kocha alikuwa ameingiza mlinzi mpya wa uwanja wa kati, Dewayne Wise, awamu hiyo hiyo. Mpigaji wa kwanza, Gabe Kapler, akaupiga mpira mbali kabisa kuelekea ukuta wa kushoto. Wise akakimbia, akaruka, mkono wake ukapita juu ya ukuta, akaunasa. Alipokuwa anaanguka mpira ukamtoka kwenye glavu. Akaudaka tena kwa mkono mtupu kabla haujagusa nyasi.

Ukiangalia picha za video, tazama watu walioko nyuma ya ukuta. Wameshainua mikono kuupokea mpira. Sekunde moja baadaye mikono hiyo hiyo imeshika vichwa. Rais Obama, shabiki wa White Sox, alimpigia Buehrle simu siku ile kumpongeza.

Ni kweli kwamba ni mwiko kuitaja mechi bila hiti kabla haijaisha?

Mwiko ndiyo, na unashikwa kweli. Kwenye benchi wenzake wanamkimbia mrushaji kama ana deni lao: anakaa peke yake, hakuna anayemsemesha. Majukwaani, anayelitaja jambo lenyewe kwa sauti anaambiwa anatia nuksi, na hiti ikipatikana baada ya hapo atalaumiwa yeye.

Watangazaji wamelipa zaidi. Kwenye fainali za 1947, Bill Bevens wa Yankees alifika awamu ya 9 dhidi ya Brooklyn bila kutoa hiti, ingawa alikuwa ametoa besi 10 za bure. Mtangazaji Red Barber aliwaambia wasikilizaji wa redio wazi kwamba Brooklyn hawana hiti. Watu 2 walikuwa wameshatolewa awamu hiyo pale Cookie Lavagetto alipopiga moja iliyowaingiza wawili. Hiti ikaja na ushindi ukaenda. Mashabiki wa Yankees walimwandama Barber. Msimamo wake ulikuwa kwamba kazi yake ni kueleza kinachotokea, na mimi niko upande wake: msikilizaji aliyefungua redio awamu ya 8 ana haki ya kujua anasikiliza nini.

Wapo na warushaji wasioamini mwiko huu. Jim Bunning, siku ya akina baba mwaka 1964, aliizungumzia mechi yake kwenye benchi muda wote, akiwahimiza walinzi wake. Akamaliza kamili.

Timu yangu ndiyo isiyopata hiti. Nishangilie au ninune?

Chukua uwanja wa Seattle mwaka 2012, maana mashabiki wale waliona yote ndani ya msimu mmoja. Aprili, Humber wa White Sox aliwafanyia mechi kamilifu mbele ya macho yao. Juni, warushaji 6 wa Seattle waligawana mechi bila hiti dhidi ya Dodgers. Agosti 15, Jumatano mchana, Félix Hernández aliandika yake kamilifu dhidi ya Tampa Bay, 1-0, mbele ya kundi lake la mashabiki waliovaa fulana za njano na ambao walikuwa na jukwaa lao maalumu.

Ya Agosti ilikuwa sherehe, hilo halihitaji maelezo. Ya Aprili ndiyo yenye funzo kwa mgeni. Desturi ni kwamba unaizomea timu pinzani mpaka mahali fulani, kisha unabadilika. Mahali hapo hapajaandikwa popote. Wengi huvuka mpaka awamu ya 8 au ya 9, hasa timu yao ikiwa nyuma sana na hakuna cha kuokoa. Mechi ikiwa 1-0, usibadilike. Hiti moja na besi moja tu vinatosha kubadilisha matokeo, na timu yako inakuhitaji.

Akimaliza, mpigie makofi. Hilo halina ubishi hata kwa wagumu wa Philadelphia na New York.

Kwa nini ile ya 2023 ilipokelewa kwa shingo upande?

Domingo Germán wa Yankees aliandika mechi kamilifu ya 24 huko Oakland, Juni 28, 2023, matokeo 11-0. Mwezi mmoja kabla alikuwa amefungiwa mechi 10 kwa kukutwa na kitu cha kunata mkononi, na kabla ya hapo aliwahi kufungiwa mechi 81 chini ya sera ya ligi kuhusu ukatili wa majumbani. Wapo mashabiki wa Yankees waliosema wazi kwamba wanaipongeza kazi ila mtu hawamshangilii. Oakland nao walikuwa na msiba wao: mmiliki alikuwa anaihamishia timu Las Vegas, na wiki mbili tu nyuma mashabiki walikuwa wameujaza uwanja kwa makusudi ili kumwonyesha kwamba tatizo si wao.

Nini kilitokea Detroit mwaka 2010? Kila mtu anakitaja.

Juni 2, 2010, Armando Galarraga wa Detroit Tigers alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo. Awamu hiyo ya 9 Austin Jackson alikuwa ameshadaka mpira mmoja akikimbia huku ameupa uwanja mgongo, na watu wakaamini kwamba usiku ule hauna njia nyingine. Mpigaji wa 27, Jason Donald, akaupiga mpira chini kuelekea kulia. Miguel Cabrera akatoka besi ya kwanza kuuchukua, akamrushia Galarraga aliyekuwa amekimbia kuilinda besi. Mpira ukafika, mguu wa Galarraga ukakanyaga besi, Donald bado hajafika.

Mwamuzi Jim Joyce akanyoosha mikono: salama.

Cabrera akashika kichwa. Majukwaa yakazomea kwa namna ambayo hata kwenye video inasikika tofauti na kuzomea kwa kawaida. Galarraga alitabasamu. Hakusema neno. Akarudi kwenye kilima chake, akamtoa mpigaji aliyefuata, na mechi ikaisha 3-0 kwa hiti moja ambayo haikuwa hiti.

Wakati huo marudio ya video yalitumika kuamua mipira iliyovuka uzio tu, kwa hiyo hapakuwa na pa kukata rufaa. Joyce alipoiona video baadaye alikiri mbele ya waandishi kwamba alikosea, akamwomba Galarraga msamaha ana kwa ana akilia. Kesho yake mchana ilikuwa zamu yake kusimama nyuma ya mpigaji. Ligi ilimpa nafasi ya kupumzika, akakataa. Kocha wa Detroit akamtuma Galarraga mwenyewe kupeleka karatasi ya majina ya wachezaji, na mwamuzi akaipokea huku anafuta machozi. Uwanja ule ule uliomzomea usiku ukampigia makofi.

Kamishna wa ligi hakubadilisha uamuzi. Mwaka 2014 ligi ikapanua matumizi ya video, na kosa kama lile sasa lingesahihishwa haraka. Kwenye vitabu Galarraga hana mechi kamilifu. Waulize mashabiki wa Detroit, watakwambia anayo.

Je, makosa ya waamuzi huwa yanamuumiza mrushaji tu?

Hapana. New York Mets walianza mwaka 1962 na kucheza zaidi ya mechi 8,000 bila mrushaji wao hata mmoja kuandika mechi bila hiti. Mashabiki walikuwa wanahesabu kila siku: hiti ya kwanza ikipatikana, mtu anaandika idadi mpya. Juni 1, 2012 Johan Santana alivunja hesabu hiyo dhidi ya St. Louis, lakini awamu ya 6 Carlos Beltrán wa St. Louis, aliyewahi kuwa Met, alipiga mpira uliotua kwenye mstari na mwamuzi akasema umetoka nje. Alama ya chaki ilionekana, yaani ilikuwa hiti. Mlinzi Mike Baxter naye aliumia bega kwa kujibamiza ukutani akiokoa mpira mwingine.

Shabiki mmoja aliruka uzio akiwa na jezi ya Mets na kuingia katikati ya wachezaji waliokuwa wanakumbatiana, akashangilia nao kabla walinzi hawajamtambua.

Santana alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa bega, na kocha alikuwa amepanga asirushe mara nyingi. Alirusha 134. Baada ya msimu ule hakurusha tena ligi kuu. Mpaka leo mashabiki wa Mets wamegawanyika kama ilistahili, ingawa sijakutana na anayetaka ifutwe.

Kwa nini kocha anamtoa mrushaji aliye kamili? Si wizi huo?

Aprili 13, 2022 huko Minneapolis, Clayton Kershaw wa Dodgers alikuwa na awamu 7 kamili, mirusho 80, na amewatoa 13 kwa straiki. Kocha Dave Roberts akamtoa. Baridi ilikuwa kali, ilikuwa mechi yake ya kwanza ya msimu, maandalizi yalikuwa yamefupishwa na mgogoro wa mikataba, na msimu uliotangulia aliumaliza na maumivu ya mkono. Kershaw mwenyewe aliuunga mkono uamuzi. Aliyeingia badala yake alipigwa hiti awamu ya 8.

Siku 3 kabla, huko Japani, Roki Sasaki wa Chiba Lotte Marines mwenye miaka 20 alikuwa ameandika mechi kamilifu ya kwanza nchini humo baada ya miaka 28, akiwatoa 19 kwa straiki, 13 kati yao mfululizo. Aprili 17 akarudi na awamu 8 kamili nyingine. Timu yake nayo haikuwa na pointi. Kocha akamtoa baada ya mirusho 102.

Wajapani walikuwa wameshabishana hivyo mwaka 2007. Daisuke Yamai wa Chunichi Dragons alikuwa na awamu 8 kamili kwenye mechi iliyowapa ubingwa, na kocha Hiromitsu Ochiai akamleta Hitoki Iwase kumalizia. Walishinda 1-0, wapigaji 27 wote wakarudi benchi, na bado watu walikasirika.

Msimamo wangu: kocha ana msimu mzima wa kulinda, na aliyelipa tiketi ana usiku mmoja. Kocha yuko sahihi kumtoa na shabiki yuko sahihi kuzomea. Sioni kwa nini mmoja lazima amkubalie mwenzake.

Ikigawanywa na warushaji kadhaa, inahesabiwa?

Inahesabiwa. Novemba 2, 2022 kwenye World Series, warushaji 4 wa Houston Astros waliwanyima Philadelphia hiti, 5-0, kwenye uwanja ambao usiku uliotangulia wenyeji walikuwa wameupiga mpira nje ya uzio mara 5 na watu wakapoteza sauti. Kimya cha usiku wa pili kilikuwa kizito kweli.

Lakini Cristian Javier alirusha mara 97 akaondoka baada ya awamu 6. Don Larsen mwaka 1956 alirusha 97 akamaliza zote 9. Naiheshimu ya Houston. Sitaiweka rafu moja na ya Larsen.

Kubunti ili kuvunja mechi kamilifu ni uhuni?

Mei 2001 Ben Davis wa San Diego aligusa mpira kidogo tu kwa gongo, awamu ya 8, akamharibia Curt Schilling mechi kamilifu. Kocha wa Arizona alikasirika sana. Matokeo yalikuwa 2-0. Mtu mmoja akifika besi, anayefuata anaweza kusawazisha kwa pigo moja. Hakuna uhuni hapo. Ingekuwa 9-0, ningezomea.

Na yule aliyegongwa na mpira?

José Tábata wa Pittsburgh, Juni 20, 2015. Max Scherzer wa Washington alikuwa amebakiza straiki moja. Mpira ukamgonga Tábata kwenye kiwiko, na mashabiki wa Washington wanaapa kwamba alikishusha kiwiko makusudi. Kanuni inamtaka mpigaji ajaribu kukwepa. Mwamuzi aliona sawa. Scherzer akamtoa aliyefuata na kubaki na mechi bila hiti. Ukirudia video polepole, kiwiko hakionekani kukimbia popote.

Inawezekana kuwa kamili na bado ukashindwa?

Muulize Harvey Haddix. Mei 26, 1959 aliwatoa wapigaji 36 wa Milwaukee mfululizo, awamu 12 nzima, lakini Pittsburgh wenzake walipata hiti 12 bila pointi hata moja. Awamu ya 13 mlinzi akakosea, na muda mfupi baadaye Joe Adcock akamaliza kazi. Mwaka 1991 ligi ikafafanua upya kanuni na jina lake likaondolewa orodhani.

Tiketi ya mechi kama hiyo ina thamani?

Kwa aliyekuwepo, haiuzwi. Kwa wengine, soko lipo. Roy Halladay wa Philadelphia alipoandika mechi kamilifu Mei 29, 2010 kwenye uwanja wa Florida Marlins, wenyeji waliofungwa waliziuza tiketi zilizobaki baada ya mechi kuisha, kwa bei yake ya kawaida, kwa watu waliotaka karatasi ya kumbukumbu. Kwa hiyo ukikutana na mtu mwenye tiketi ya siku ile, usidhani moja kwa moja kwamba aliona hata mrusho mmoja.

Niko Afrika Mashariki. Nitaiona saa ngapi?

Mechi ya saa moja jioni New York inaanza saa nane usiku Nairobi, Dar es Salaam na Kampala; Bukavu na Bujumbura saa saba. Ya Chicago inaanza saa tisa usiku, ya Los Angeles na Seattle saa kumi na moja alfajiri, ambayo kwa wanaoamka mapema ndiyo rahisi zaidi. Za mchana New York huanguka saa mbili usiku, hasa mwishoni mwa wiki.

Programu za matokeo kwenye simu hutuma taarifa mrushaji anapofika awamu ya 6 au ya 7 bila hiti. Washa hiyo na uzime nyingine zote, la sivyo utaamshwa na kila pointi ya kila timu. Kwa mechi ya jioni New York, taarifa itakuja kwenye saa kumi alfajiri. Nyingi zitavunjika kabla hujapata mtandao.